Uzi Mnene wa Kibogoyo

Nakiete alifika mlangoni mwa darasa la tano akiwa na jembe begani na tope miguuni, na tope lenyewe hakulipata shambani kwake. Alilikanyaga kwa jirani, alipopita kuchungulia kama kwa wenzake maji yamefika.

"Hodi humu," alisema. "Nimekuja kumshitaki Kibogoyo."

Darasa likaangua kicheko. Mbazi, mdogo wake, aliyekaa dawati la nyuma, akajifunika uso kwa kishikwambi.

"Karibu, Nakiete," alisema Mwalimu Namsifu. "Mshitakiwa yupo. Hajatoroka."

Kibogoyo alikuwa juu ya meza ya mwalimu: kisanduku cha rangi ya chungwa, ukubwa wa mtoto mchanga, chenye jicho moja na masikio mawili, na pengo mbele pale plastiki ilipovunjika siku alipoletwa. Watoto ndio waliompa jina hilo. Wilayani aliitwa mwanagenzi, na kila shule ya msingi ilikuwa na wake. Mwanagenzi haandikiwi amri moja moja kama kompyuta za zamani. Anafundishwa kwa kuonyeshwa, na wa kumwonyesha ni watoto wa darasa la tano. Akihitimu, anakabidhiwa kazi ya kijiji.

Hapa Mhenyeni, juu kwenye milima ya Upare, kazi aliyokabidhiwa Kibogoyo ilikuwa ndiva. Ndiva ni bwawa lililochimbwa na mababu. Hujaa usiku, na asubuhi hufunguliwa maji yakashuka kwa mifereji hadi mashambani. Mwaka huu milango ya mifereji ilifungwa mota ndogo na macho ya kuonea. Wakulima wakikusanyika asubuhi kwenye mgawanyo, pale mifereji inapoachana, Kibogoyo huwatazama, husoma vihisi vilivyofukiwa udongoni, kisha hupanga nani aanze na nani asubiri. Wa mwisho hupata kilichobaki.

"Tangu maharage yatoe maua sijapata maji ya maana," alisema Nakiete. "Kila siku wa mwisho ni mimi. Maua yameanza kupukutika. Maua yakiisha hakuna maganda, na sisi tutakula nini? Mama yuko kitandani na magoti yake, kila jioni ananiuliza shamba linaendeleaje. Namwambia linaendelea."

"Lakini Kibogoyo hapendelei mtu, dada," alisema Naetwe kutoka dawati la mbele. Naetwe ndiye aliyekuwa na subira kuliko wote wakati wa kumfundisha Kibogoyo, na hakupenda asemwe vibaya. "Anapima udongo. Labda wa kwako umeshiba."

"Umeshiba? Njoo uuonje."

Kicheko kikaanza upya. Namsifu hakucheka. Alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, na hakuna kilichomchangamsha kama swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake.

"Fungeni madirisha," alisema. "Nakiete, simama hapa mbele ya jicho lake. Tumuulize."

Watoto walipenda somo hili kuliko yote. Kila mwanagenzi, kwa sheria, lazima awe na kitufe cha Kwa Nini. Ukikibonyeza, anamulika ukutani sababu za uamuzi wake kama nyuzi za mwanga, na uzi mnene ndio sababu yenye uzito. Namsifu alibonyeza. Ukuta ukawaka, orodha ya zamu za maji upande mmoja, nyuzi upande wa pili. Kulikuwa na uzi wa udongo, wa kijani, na wa ukubwa wa shamba, na mwembamba wa zamu ya jana, kila mmoja na jina lake pembeni. Chini yake ukapita mwingine, mwekundu, mnene kama kamba ya kufungia mbuzi. Pembeni yake hapakuandikwa kitu.

"Huo ni nini?" aliuliza Mbazi.

"Sijui," alisema Namsifu, na sauti yake ilikuwa na furaha isiyofichika. "Uzi ukikosa jina, maana yake ni jambo ambalo hatukumfundisha kwa makusudi. Alituangalia tu akalichukua. Jina lake mtalitafuta nyinyi. Mtalitafutaje?"

"Tunabadilisha kitu kimoja," darasa likajibu kwa pamoja, "vingine tunaviacha."

Wakaanza. Walimvua Nakiete jembe, uzi haukutikisika. Wakamvika kofia ya Mbazi, wakamvua kofia. Wakamwambia achechemee, aongee kwa sauti nene, asimame kama mwanamume. Mtoto mmoja akapendekeza wamjaribu akiwa na ndevu, na kabla hawajapata cha kutengenezea ndevu mlango ukafunguliwa. Aliingia Mwalimu Mkuu Mchomvu, aliyesikia kelele kutoka ofisini.

Darasa zima likasimama. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu!"

"Marahaba. Kuna nini hapa?"

Naetwe alikuwa bado ametazama ukuta, mdomo wazi; uzi mwekundu ulikuwa umetikisika.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "samahani. Naomba utoke nje, halafu uingie tena."

"Nitoke?"

"Kidogo tu."

Mzee wa watu akatoka, kwa mshangao zaidi kuliko utii. Naetwe akawageukia wenzake na kuweka kidole mdomoni. Mwalimu Mkuu alipoingia mara ya pili, alilakiwa na watoto wamekaa kimya, hakuna aliyesimama, hakuna aliyefungua mdomo.

"Leo darasa hili haliamkii watu?" aliuliza.

"Utatuwia radhi, Mwalimu," alisema Namsifu, ambaye sasa alikuwa ameelewa. "Rudia mara moja tu. Ya mwisho."

Mara ya tatu wakamwamkia kwa nguvu zote. Uzi mwekundu ukavimba ukutani mpaka ukafunika ule wa udongo, na jina la Mwalimu Mkuu, asiye na hata tuta la mchicha, likapanda kuwa la kwanza kwenye orodha ya maji.

"Sasa dada Nakiete," alinong'ona Naetwe.

"Shikamoo, dada Nakiete!" watoto wakaitikia, na Mbazi naye, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akamwamkia dada yake.

"Jamani, mnanizeesha," alisema Nakiete. Lakini alikuwa ametazama ukuta. Jina lake lilikuwa limeacha mkia wa orodha na kukaa juu kabisa.

Ilichukua muda mfupi tu kukumbuka ilivyotokea. Kiangazi chote walimbeba Kibogoyo kwa mbeleko, wakipokezana migongo, wakimpeleka kwenye mgawanyo aone watu wanavyogawana maji. Njiani walikutana na wazee. Kila walipokutana na mzee waliamkia na kusogea pembeni apite kwanza, kama mtoto yeyote wa Mhenyeni. Kibogoyo, mgongoni, aliona. Anayeamkiwa hupita; anayeamkia husubiri. Na kati ya wakulima wote wa ndiva, aliyemwamkia kila mtu na asiyeamkiwa na yeyote alikuwa mmoja, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeachiwa shamba na mama yake.

Naetwe alikaa. "Hatukumfundisha ubaya, Mwalimu," alisema. "Tulikuwa na adabu tu."

*

"Kata huo uzi," alisema Mwalimu Mkuu ofisini. "Ufunguo unao."

Ufunguo ulikuwa kwenye kishikwambi cha Namsifu. Kila mwalimu wa mwanagenzi alipewa, kwa ajili ya dharura. Unaugusa uzi, unaukata, na asubuhi mwanagenzi anaamka bila kukumbuka kuwa aliwahi kuwa nao.

"Nikiukata, lazima niandike kwamba palikuwa na kosa."

"Andika kwamba umemsafisha. Si uongo, umemsafisha." Mchomvu alisogeza kiti. "Sikiliza, binti yangu. Ijumaa Afisa wa wilaya anakuja. Kati ya shule zote wamemchagua Kibogoyo wetu. Elimu yake itapandikizwa kwa wanagenzi wa vijiji arobaini. Arobaini! Watoto hawa, ambao baba zao walisoma kwa kukaa chini kwenye sakafu ya vumbi. Ukitaja kosa lililofika mashambani, kanuni unaijua: anafungwa lakiri asione wala asisikie, anarudishwa wilayani, na darasa linakaa bila mwanagenzi mpaka zamu yao irudi. Darasa la nne wameshamshonea mbeleko mpya. Utawaambia nini?"

Mchomvu hakuwa mtu mwovu; ndiye aliyeziandikia barua ofisi za wakubwa mpaka shule ikapata umeme.

"Na huyo Nakiete atapata maji kesho asubuhi," aliongeza. "Nani ameumia?"

Hapo ndipo palipomkwaza Namsifu. Aliuwasha ufunguo akaulenga uzi mwekundu kwenye kioo, akaufuata kwa kidole kuona unakoshika. Ulimshika Mzee Kiangi, mwenyekiti wa kamati ya ndiva, mwenye nguvu za kubeba gunia. Sawa, huyo akatwe. Ulimshika pia Bibi Naamangi, asiyeona, anayeshuka kwenye mgawanyo kwa fimbo na kusimama juani. Akiukata, kesho bibi huyo ataanguka mkiani, na yeye pia hatajua kwa nini.

"Mwalimu Mkuu, nikikata nitakuwa nimegawa maji ya kijiji kizima kwa kidole changu, peke yangu, humu ofisini," alisema. "Na watoto nitawaambia nini? Kwamba wamegundua jambo kubwa kuliko lolote tulilowafundisha mwaka huu, kwa hiyo wanyamaze?"

Mchomvu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mimi sikukatazi," alisema hatimaye. "Ila utakapokuwa unalia Ijumaa, usilie hapa ofisini kwangu. Nitakuwa nalia mimi."

*

Alhamisi ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja. Kijiji kizima kiliingia ndivani kuzoa matope, wanawake na karai, wanaume na majembe, suruali zimekunjwa mpaka magotini. Darasa la tano wakaja na Kibogoyo mgongoni kwa Naetwe. Waliomba shuka nyeupe, wakaitundika kwenye ukuta wa mawe upande wa kivuli, na Namsifu akasimama nyuma yao. Alikuwa amewaahidi kwamba hatasema neno.

Naetwe alieleza. Alianza kwa sauti ndogo, lakini nyuzi zilipowaka kwenye shuka akasahau kuogopa. Akawaonyesha udongo, akawaonyesha zamu, kisha akamwomba Mzee Kiangi asogee mbele ya jicho, na wenzake wakamwamkia.

Uzi mwekundu ukavimba. Watu wakaacha kuzoa matope.

"Kwa hiyo," alisema Mzee Kiangi, akiegemea jembe, "mnaniambia mbele ya watu kwamba mimi ni mwizi wa maji."

"Hapana, babu," alisema Naetwe. "Waliokosea ni sisi. Wewe ulikuwa unapita tu."

"Nilikuwa napita tu!" Aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Napita, maji yananifuata."

Watu wakacheka, na mama mmoja akasema kutoka ndani ya matope, "Ndiyo maana migomba yako imenenepa kuliko wewe."

Lakini Mzee Kiangi hakuwa amemaliza. "Haya. Sasa mnataka msituamkie?"

"Tutawaamkia," alisema Naetwe. "Tutawaamkia kila siku. Ila maji tusiyafunge kwenye shikamoo."

Mtoto alikuwa amemjibu mzee mbele ya kijiji, na hakukuwa na njia ya kulirudisha neno mdomoni. Nakiete ndiye aliyesogea, karai mkononi.

"Mimi sikuja kumlaumu mtu," alisema. "Nilidhani udongo wangu una ugonjwa. Mashine imepima, imeniweka mwisho, nikasema basi sijui kulima. Nimepalilia mara mbili, nimebeba samadi kwa kichwa. Usiku nalala nikiwaza mama aliwezaje na mimi nashindwa. Kumbe nilikuwa nahukumiwa kwa kuwa mdogo. Mngeniambia tu kwamba mimi ni mdogo, ningesubiri nikijua."

Mzee Kiangi aligeukia uzi mwekundu kwenye shuka.

"Na mimi," alisema, "kila asubuhi nilikuwa nasema, hii mashine ina akili sana."

Safari hii kicheko kilimtoka hata yeye, na kilipoisha aliuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Bibi Naamangi je? Huyo naye akapange foleni na vijana?"

"Nani kasema nataka maji ya kwanza?" ilisema sauti ya Bibi Naamangi kutoka kivulini. "Hakuna aliyeniuliza. Niwekeeni kigoda na paa la majani pale kwenye mgawanyo, nitasubiri kama wengine. Napenda kusikiliza watu wakigombana."

Mjadala ukawaka kijiji kizima, kila mtu akiwa na neno. Hata waliokuwa hawajawahi kumgusa Kibogoyo walikuja kuzigusa nyuzi kwenye shuka, wakauliza huu ni wa nini, na huu, na kwa nini huu ni mwembamba. Watoto walikimbia huku na huku wakijibu. Namsifu alisimama pale pale na kugundua kwamba mashavu yanamuuma kwa kutabasamu. Alikuwa amesoma vitabu vingi kuhusu mashine zinazojifunza, na hakuna kimoja kilichomwambia kwamba siku moja angeona wanakijiji wamezama matope mpaka magotini wakibishana kuhusu uzito wa sababu.

Walikubaliana kwamba udongo wenye kiu utangulie, na paa lijengwe kwenye mgawanyo. Na mpaka Kibogoyo afundishwe upya, milango ifunguliwe kwa mikono. Jioni ile Mbazi aliufungua mlango wa mfereji wa kwao kwa kuuning'inia. Maji yakaingia shambani kwa Nakiete, naye akatembea mbele yake akiyaondolea majani. Nusu ya maua ilikuwa imekwisha kuanguka. Nusu ilikuwa bado imeshika.

*

Ijumaa, Afisa Mgonja alimsikiliza Naetwe mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ulifanya jambo liwe gumu zaidi.

"Mnajua nikiandika haya nini kitafuata?"

"Tunajua, mama," alisema Naetwe.

"Nani kalifanya kosa?"

"Sisi."

"Na nani kaligundua?"

"Sisi pia."

Afisa alimtazama Namsifu, akamtazama Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amegeukia dirishani. Kisha akatoa lakiri ya wilaya. Alifunika jicho la Kibogoyo, akafunika masikio, na taa ndogo ya kijani kwenye pengo ikazimika. Mtoto mmoja alivuta kamasi. Hakuna aliyemcheka.

Ukutani, kwa mwanga wa kishikwambi cha Afisa, shule arobaini zilikuwa tayari zimeunganishwa, kila darasa kwenye kijumba chake cha mwanga, zikisubiri wanagenzi wao wapandikiziwe elimu ya Kibogoyo. Watoto wa huko walikuwa wamechana nywele na kuvaa sare safi kwa ajili ya siku hiyo.

"Itabidi niwaambie kwamba imeahirishwa," alisema Afisa.

"Naomba tuwaambie wenyewe," alisema Naetwe.

Akasimama mbele ya ukuta. Aliwaambia kwamba mwanagenzi wa Mhenyeni alikuwa na kosa, kwamba lilikuwa karibu kupandikizwa kwao, na kwamba haliji tena. Aliwaeleza kuhusu uzi. Alipomaliza, kwenye vijumba vyote arobaini watoto walikaa wakitazamana, na Namsifu akahisi jinsi shule ndogo ya mlimani inavyoweza kuwa peke yake.

Kisha mvulana wa kijumba cha chini, wa shule ya huko bondeni ambako wanagenzi hupanga zamu za zahanati, akanyoosha mkono.

"Sisi wetu tumembonyeza Kwa Nini sasa hivi," alisema. "Anao. Mwekundu. Hauna jina."

"Hata wa kwetu," alisema msichana wa kijumba kingine, nyuma yake viti vikianguka watoto wakikimbilia mashine yao.

"Wetu pia."

"Wetu anazo mbili."

Nyuzi zikaanza kuwaka ukutani, kijumba baada ya kijumba, mpaka darasa la tano la Mhenyeni likapata rangi nyekundu usoni. Afisa Mgonja alikuwa amekaa kwenye dawati la mtoto bila kuombwa. Mwalimu Mkuu aliacha dirisha.

"Ninyi wa Mhenyeni," aliita yule mvulana wa bondeni. "Mlilijuaje jina lake? Tunaanzia wapi?"

Naetwe aligeuka kumtazama mwalimu wake. Namsifu alimkubalia kwa kichwa, akarudi nyuma hatua moja na kumwachia nafasi yote.

Mtoto akaugeukia ukuta.

"Tafuteni mtu hapo kijijini kwenu anayemwamkia kila mtu na haamkiwi na yeyote," alisema. "Mleteni darasani. Asimame mbele."